Mikono Isiyovuta

Mkunga mzoefu huanzia juu. Mama amelala chali, magoti ameyakunja kidogo, ameshakwenda haja ndogo, na mikono miwili ya mkunga inatua pale mfuko wa uzazi unapoishia, chini ya mbavu. Anatafuta kilichokaa huko. Yakiwa makalio, vidole vinakuta kitu laini, kipana, kisicho na umbo la kueleweka, na ukikisukuma mwili mzima wa mtoto unakwenda nacho. Kikiwa kichwa, kinakuwa kigumu, cha mviringo, na ukikigusa upande huu kinaruka upande ule peke yake, kwa sababu kimebebwa na shingo. Kisha mikono inashuka ubavuni kuutafuta mgongo, halafu chini kabisa, juu ya mfupa wa kinena, kuhakikisha. Mwisho anaweka fetoskopu na kutega sikio: moyo wa mtoto aliyekaa kichwa juu mara nyingi husikika vizuri zaidi juu ya kitovu cha mama. Hakuna mashine iliyowashwa, na kichwa kikikutwa juu, tayari limezuka mojawapo ya maswali magumu kuliko yote katika ukunga: huyu atazaliwaje?

Mkunga mzuri akifika hapo hutulia. Mimba ikiwa na wiki 28, mtoto mmoja kati ya wanne au watano hukaa makalio chini, na wengi wao hugeuka wenyewe. Miezi ikitimia wanabaki 3 au 4 katika kila 100. Kumtisha mama mapema hakumsaidii yeye wala mtoto. Kuandika kwenye kadi ya kliniki, kumpangia arudi wiki ya 36, kumsisitizia kwamba safari hii asingojee uchungu nyumbani: kazi ya siku hiyo imekwisha. Ila iandikwe. Nafasi ya mlalo wa mtoto ikiachwa wazi kwenye kadi, anayelipa ni nesi wa zamu ya usiku, ambaye atagundua makalio wakati njia imeshafunguka yote.

Kufika hospitali nako hutegemea mama anaishi wapi. Kawetele, kwa mfano, ni kata ya Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, kwa hiyo mama wa hapo ana nafuu kuliko wenzake wa vijiji vya mlimani. Makandana, hospitali ya wilaya, ipo mji huo huo. Igogwe, hospitali ya misheni ya Kikatoliki, ipo wilaya hiyo hiyo. Mambo yakizidi kimo, kuna lami ya kwenda Mbeya, karibu kilomita 70, hadi hospitali ya wazazi ya Meta, iliyo chini ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Siku hizi kuna pia mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022: unapiga 115, na pasipo gari la wagonjwa anatafutwa dereva wa jirani aliyesajiliwa. Lakini Rungwe ni nchi ya mvua. Machi na Aprili njia za migombani huwa utelezi mtupu, ukungu unashuka hadi mabatini, na bodaboda anayeruka makorongo mchana kutwa, usiku wa manane hapokei simu. Mkunga anayepanga uzazi huku hupanga na mvua pia.

Hofu ya uzazi wa makalio haikuletwa na hospitali. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu mila za Wanyakyusa kwamba mtoto aliyetanguliza miguu aliwekwa kundi moja na mapacha: uzazi usio wa kawaida, uliotaka dawa na taratibu zake kabla wazazi hawajaruhusiwa kuchangamana tena na watu. Siicheki hofu hiyo. Waliokuwa wakizika watoto waliijua vizuri hatari yenyewe, ingawa dawa walizokuwa nazo hazikuweza kukifungua kichwa kilichokwama.

Na tatizo ni kichwa hasa. Mtoto anayetanguliza kichwa hutoa kwanza sehemu yake kubwa na ngumu kuliko zote, tena polepole: kwa saa nyingi mifupa ya fuvu inapandana, kichwa kinajifinyanga kulingana na nyonga ya mama, na kikishapita, mwili uliobaki hufuata bila shida. Anayetanguliza makalio hufanya kinyume. Kilicho laini hupita kwanza, na kichwa kinafika mlangoni mwisho, bila kufinyangwa, wakati kitovu kimeshabanwa kati yake na mfupa na hewa imeanza kuwa haba. Kilichofanywa kwa saa nyingi na yule, huyu anapewa dakika chache.

Njia ya kwanza ya kuikwepa hatari hiyo ni kumgeuza mtoto kwa nje, mimba ikifika wiki 36 au 37. Ni kazi ya mikono mitupu na ni nzuri kuitazama. Mama analazwa, tumbo linapakwa mafuta, wakati mwingine anapewa dawa ya kulegeza mfuko wa uzazi. Mkono mmoja unayanyanyua makalio kutoka kwenye nyonga, mwingine unakiinamisha kichwa, na mtoto anasukumwa apige kichwangomba taratibu. Baada ya kila hatua wanasikiliza moyo. Mama akisema inauma kweli, au mapigo yakishuka, mikono inaacha. Karibu nusu ya majaribio hufaulu. Bibi zetu wanaokanda matumbo kwa mafuta wanaweza kudai kwamba kazi hii wanaijua tangu zamani, na pengine mikono yao ni myepesi kweli. Wanachokosa ni kile kinachosikika kwenye fetoskopu na chumba cha upasuaji kilicho hatua chache tu: katika majaribio kama 200 hutokea moja linalolazimisha kupasua papo hapo. Ndiyo maana mtoto hageuzwi zahanati, achilia mbali nyumbani.

Asipogeuka, ndipo uamuzi wenyewe unapoanza, na hapa ndipo ninapowavulia kofia wakunga hawa. Chukua mama wa Kawetele mwenye mimba ya tatu. Wawili wa kwanza aliwazaa salama, wa kilo tatu na ushei. Huyu wa sasa amekaa makalio chini, miguu imenyooka juu hadi usoni, kidevu kimegusa kifua, na makadirio ya uzito ni kilo tatu.

"Sista, sasa mimi nitapasuliwa?" anauliza.

"Mama, ngoja kwanza tuone amekaaje. Wale wawili ulizaa kwa muda gani?"

Swali la mkunga linaonekana la mazungumzo tu, kumbe ni kipimo. Nyonga iliyokwisha kupitisha watoto wawili wa ukubwa huo, bila mvutano, imejieleza. Makalio yenye miguu iliyonyooka yanaziba mlango vizuri, kitovu hakipati upenyo wa kuchomoka kwa urahisi. Kidevu kilichoinama kinakifanya kichwa kipite kwa upande wake mwembamba. Mama huyu, akiwa hospitalini, penye mzoefu na chumba cha upasuaji kilicho tayari, anaweza kuachwa azae.

Badilisha kitu kimoja tu na jibu linageuka. Mguu mmoja ukiwa umetangulia chini, hapana: mguu na kiwiliwili chembamba vinaweza kupenya njia ikiwa haijafunguka yote, kisha kichwa kikanaswa. Kidevu kikiwa kimeinuka kana kwamba mtoto anatazama nyota, hapana. Mtoto akiwa mkubwa sana, nyonga ikiwa na mashaka, au mama akiwa na kovu la kupasuliwa kwa sababu njia haikutosha, wanajiandaa kwa upasuaji. Na hata yule wa kwanza aliyekubaliwa, uchungu ukizubaa, njia ikikataa kuendelea kufunguka kwenye patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, hakuna kuongeza dripu ya kulazimisha ili kuokoa hoja ya jioni. Mlango ukigoma kufunguka, nao umejibu. Kukubali kubadili uamuzi saa tisa usiku, mbele ya mama uliyemwambia jioni kwamba atazaa mwenyewe, kunataka ujasiri ambao sidhani kama kuna mtihani wa chuo unaoupima.

Kuna atakayesema: kwa nini mahesabu yote haya, si wapasuliwe wote? Dunia ilikaribia kusema hivyo mwaka 2000. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Mary Hannah wa Toronto, uliohusisha wanawake 2,088 katika nchi 26, uligundua kwamba vifo na madhara makubwa kwa watoto yalikuwa asilimia 1.6 kwa waliopangiwa upasuaji na asilimia 5 kwa waliopangiwa kuzaa kwa njia ya kawaida. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Katika miezi michache madaktari wa Uholanzi walikuwa wanapasua kama wanne katika kila watano, wakati kabla ya hapo ilikuwa nusu. Lakini ndani ya karatasi hiyo hiyo kulikuwa na jambo ambalo msomaji wa Tukuyu hapaswi kulipita. Faida kubwa ilionekana kwenye nchi ambazo vifo vya watoto wachanga ni vichache. Kwenye nchi ambazo vifo hivyo ni vingi, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba huwezi kuapa kwamba si bahati. Na watoto walipofuatiliwa hadi umri wa miaka miwili, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 hayakuonyesha tofauti ya vifo wala ya kuchelewa kukua kiakili.

Mmoja wa waliopinga haraka hiyo anaijua mikoa yetu. Jos van Roosmalen, daktari Mholanzi, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1988 kuhusu afya ya uzazi katika nyanda za juu za kusini magharibi mwa Tanzania, na mwaka 2002 alishiriki kuandika katika jarida la madaktari wa uzazi wa Uingereza kwamba suala hili bado lina nafasi ya ubishi. Nadhani mtu aliyewahi kufanya kazi huku hasahau kwamba kumpasua mama hakuishii siku ile. Mama wa Rungwe huenda akabeba tena mimba mbili au tatu. Kila mimba sasa inakaa juu ya kovu. Uchungu ukimkuta shambani, mbali na hospitali, kovu linaweza kuachia. Kondo la nyuma linaweza kujishikiza pale pale penye kovu na kukataa kubanduka, damu ikamwagika mahali ambapo akiba ya damu ni chupa mbili tatu. Kuepuka leo upasuaji usio na sababu ya kutosha kunamlinda hata mtoto ambaye bado hajatungwa. Na upasuaji anaonyimwa leo ilhali sababu ipo, unamgharimu huyu aliye tumboni. Mkunga na daktari wanawapima wote wawili kwa pamoja, na mama ana haki ya kuusikia mzani huo kwa lugha anayoielewa, kabla uchungu haujamzidi akaitikia lolote.

Tuseme sasa imeamuliwa azae, na makalio yameanza kutokeza. Mikono ya mkunga iko wapi? Mapajani mwake mwenyewe. Hii ndiyo sehemu inayowashinda wengi. Mtu akiona mtoto nusu ndani nusu nje, mwili wake wote unamwambia avute, na kuvuta ndilo jambo baya kuliko yote: ukivuta, mikono ya mtoto inapanda juu ya kichwa na kidevu kinainuka, hivyo unakuwa umekijenga kwa mikono yako kile kikwazo ulichokuwa unakiogopa. Mama anasukuma uchungu unapokuja. Anapumzika ukiondoka. Kinyesi cheusi cha mtoto kinaanza kutoka, nesi mgeni anashtuka, mzoefu anaendelea kusikiliza moyo. Tumbo la mtoto linabanwa tu, na mapigo yakiwa sawa haina neno. Miguu iliyonyooka kifuani ikikawia, kidole kinabonyeza nyuma ya goti, goti linakunjika, mguu unashuka. Kisha mikono inarudi mapajani.

Inapolazimu kumshika, anashikwa kwa kitambaa kikavu, maana anateleza, na anashikwa kwenye mifupa ya nyonga, vidole gumba viwili vikiwa chini ya kiuno chake mgongoni. Kamwe si tumboni, ambako kubana kunaweza kuumiza ini au figo. Kazi ya mikono hiyo ni moja: mgongo wa mtoto ubaki umeelekea juu ikiwa mama amelala chali. Mabega yakionekana kukwama, hapo ndipo inakuja mbinu ambayo Jørgen Løvset wa Bergen, Norway, aliieleza katika miaka ya 1930. Nyonga ya mama imeinama kwa namna ambayo bega la nyuma hukaa chini kuliko la mbele. Kwa hiyo mtoto anazungushwa nusu duara, mgongo ukipita juu, na bega lililokuwa nyuma linajikuta mbele, chini ya mfupa wa kinena, mkono unatoka wenyewe kwa kidole kimoja. Anazungushwa nusu duara kurudi, na wa pili unatoka. Ni kama watu wanaopitisha kabati mlangoni: hawalisukumi, wanaligeuza mpaka likubali. Kila ninapoitazama mbinu hii ikionyeshwa kwa mwanasesere nastaajabu kwamba nguvu iliyotumika ni ndogo kuliko ya kukamua nguo.

Kinabaki kichwa. Mtoto anaachwa aning'inie kwa uzito wake hadi nywele za kisogoni zionekane. Halafu analazwa kifudifudi juu ya mkono wa kushoto wa mkunga kama aliyepanda farasi, miguu huku na huku. Vidole viwili vinatua kwenye mashavu, kando ya pua, kuuinamisha uso. Zamani walitia kidole kinywani, na taya za watoto ziliumia. Mkono wa kulia unapita mgongoni, kidole cha kati kinakibonyeza kisogo, viwili vinakaa mabegani. Msaidizi anakandamiza juu ya mfupa wa kinena. Kidevu, mdomo, pua, paji la uso, vinapita kwa mpangilio huo. Mbinu hii inabeba majina ya watu watatu, na wa kwanza wao, François Mauriceau, alikuwa anazalisha Paris karne ya 17. Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2017 inasema ikipita zaidi ya dakika 3 tangu kitovu kitokeze bila kichwa kutoka, usiendelee kutazama, saidia. Dakika 3 ukiwa umesimama hapo ni ndefu mno, na kuutambua ule mpaka kati ya kungoja na kuchelewa ndiko kunakomtofautisha mkunga na mtu aliyesoma ukunga. Huko Frankfurt, Frank Louwen na wenzake wamekuwa wakiwazalisha akina mama wakiwa wamepiga magoti, na wanahitaji kugusa kwa uchache hata kuliko hapo. Sishangai.

Tatizo ni kwamba ujuzi huu unafundishwa kwa kuonekana, na unazidi kutoonekana. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili yenyewe, kati ya akina mama wenye mtoto wa makalio, waliopasuliwa walikuwa chini ya theluthi mwaka 1999, na kufikia mwaka 2010 walikuwa wamepita robo tatu. Mwanafunzi anaweza kumaliza chuo bila kuona uzazi hata mmoja wa namna hii, kisha akapangiwa zahanati ya mlimani, na mvua ikamletea mama ambaye makalio ya mtoto yameshatokeza kwenye bodaboda. Huyo hachagui tena. Mwanasesere wa mafunzo husaidia, naye anapaswa kutolewa kabatini kila mwezi badala ya kungoja wageni wa mradi.

Lakini lipo darasa jingine ambalo hospitali za wilaya zinalo tayari. Kwa miongo mingi kisu kwenye hospitali hizo kimeshikwa zaidi na madaktari wasaidizi, kada iliyoanza kufundishwa Tanzania mwaka 1963, na wanajua jambo ambalo watu wa nje hawalifikirii: mtoto wa makalio hata kwa upasuaji hutoka makalio kwanza. Tundu la kwenye mfuko wa uzazi lina mabega yale yale ya kuzungushwa, kichwa kile kile cha kuinamishwa, na anayevuta kwa pupa hunasa kichwa pale pale mezani. Kwa hiyo kila upasuaji wa makalio ni nafasi ya kumwita mkunga mwanafunzi, avae gauni, asogee karibu na meza, aone vidole vinapokaa kwenye mashavu. Daktari akiwa anashona, amuulize: mkono upi ulitoka kwanza, na kwa nini nilimzungusha upande ule?